Wimbo mmoja, miko mitano: hesabu ya muziki iliyonusurika Mengo

KAMPALA. Kutoka Kanisa Kuu la Rubaga hadi Lubiri, kasri ya Kabaka kwenye kilima cha Mengo, si mwendo wa kumchosha mtu. Namirembe, kilima cha kanisa kuu la Waanglikana, kiko jirani hapo hapo. Katika vilima hivi vitatu vya Kampala kuna majibu mawili tofauti kwa swali moja ambalo kila mwalimu wa kwaya amewahi kukutana nalo: ukichukua kipande kifupi cha tuni ukakirudia hatua moja juu au hatua moja chini, unapata nini?

Jibu la vilima vya makanisa linafahamika. Mwimbaji yeyote aliyefundishwa solfa analijua hata kama hajui jina lake. Mwalimu anaimba do-re-mi, wanakwaya wanaitikia, anapanda, re-mi-fa, anapanda tena, mi-fa-so. Kipande ni kile kile, kimehamishwa tu. Wataalamu wa nadharia ya muziki wanauita mfuatano wa tuni, na watunzi wa Ulaya wameutumia kwa karne nyingi, kwa kuwa unamwezesha mtu kurefusha wimbo bila kutunga kitu kipya na bila kumchosha msikilizaji. Mfano ulio karibu zaidi na masikio ya Afrika Mashariki husikika kila Desemba, katika ule wimbo wa Krismasi wenye neno moja, Gloria, linalovutwa kwa pumzi ndefu. Sauti inajipinda, kisha pindo lile lile linarudi hatua moja chini, kisha mara ya tatu chini zaidi. Hata mtoto anayelisikia kwa mara ya kwanza anaweza kukisia mara ya tatu itakuwaje, na utamu wake uko hapo.

Kwenye solfa, hata hivyo, kuna kasoro ndogo ambayo walimu wengi huipita kimya. Do-re-mi na re-mi-fa havilingani. Kutoka do hadi re ni hatua nzima, re hadi mi hatua nzima nyingine. Lakini mi hadi fa ni nusu. Kwa hiyo kipande kikipanda kinabadilika umbo kidogo, kama nguo iliyokatwa kwa mwili wa mtu mmoja ikavaliwa na ndugu yake. Sikio limeizoea tofauti hiyo kiasi kwamba haliihoji.

Jibu la Mengo ni jingine, na karibu lipotee kabisa.

Muziki wa kasri ya Buganda ulikuwa na vyombo vingi, lakini kinachoeleza swali hili vizuri zaidi ni amadinda, marimba ya mbao 12. (Msomaji wa Dodoma avumilie: kwake marimba ni kile chombo cha Wagogo chenye vyuma vya kubonyeza kwa vidole gumba. Hapa ni mbao.) Mbao hizo, ambazo kwa desturi huchongwa kwa mti wa lusambya, hulazwa juu ya mashina mawili ya mgomba, na wapigaji hukaa pande mbili wakitazamana. Hakuna fremu wala misumari ya kuzikaza mbao, ila vijiti vinavyosimamishwa katikati yake zisikimbie. Muziki ukiisha, chombo kinafunguliwa na mashina yanaweza kutupwa.

Ngazi ya sauti ni ya noti tano. Tuziite 1, 2, 3, 4 na 5, kutoka nzito kwenda nyembamba, kama wanavyofanya watafiti wanaoandika muziki huu kwa tarakimu. Baada ya 5 inakuja 1 ya juu. Mbao 12, basi, ni seti mbili kamili za noti tano na mbao mbili za ziada kileleni, yaani 1 na 2 za juu kabisa.

Wapigaji ni watatu. Wa kwanza, omunazi, anaanzisha: ana mfululizo wake wa noti zenye nafasi sawa, na anaurudia bila kubadilisha. Kazi yake inaitwa okunaga. Wa pili, omwawuzi, anaingiza noti zake katikati ya zile za mwenzake, moja baada ya moja, kama meno ya zipu. Hiyo ni okwawula. Kila mmoja wao anapiga kwa mikono yote miwili noti ile ile katika oktava mbili. Wa tatu, omukoonezi, amepewa zile mbao mbili za kileleni tu. Hana tuni yake. Kazi yake, okukoonera, ni kusikiliza noti 1 na 2 zinapojitokeza chini, kutoka kwa yeyote kati ya wenzake wawili, na kuzirudia juu.

Mfano mdogo, uliobuniwa kwa ajili ya ukurasa huu tu, utasaidia. Tuseme omunazi anapiga 1 4 3 5, anarudia. Omwawuzi anajibu katikati kwa 2 5 1 3. Zikiunganishwa zinatoka hivi: 1 2 4 5 3 1 5 3. Vipigo vinane. Omukoonezi anapiga kwenye kipigo cha kwanza, cha pili na cha sita, kwa kuwa hapo ndipo zilipo 1 na 2. Kwingine ananyamaza.

Sasa omunazi na omwawuzi wapandishe kila noti kwa mbao moja. Moja inakuwa mbili, mbili inakuwa tatu, na tano inarudi kuwa moja. Mfululizo sasa ni 2 3 5 1 4 2 1 4. Kwa hesabu, huu ni wimbo ule ule. Lakini mtazame omukoonezi: mbao zake hazijahama. Bado anasikiliza 1 na 2, na sasa zimeangukia kipigo cha kwanza, cha nne, cha sita na cha saba. Alikuwa na vipigo vitatu, sasa ana vinne, na mahali pengine. Pandisha tena: 3 4 1 2 5 3 2 5. Sasa anapiga cha tatu, cha nne na cha saba. Kwa kuwa sauti yake ndiyo nyembamba kuliko zote na inasikika juu ya nyingine, masikioni mwa mtu anayesikiliza uwanjani wimbo umebadilika sura.

Kila uhamisho wa namna hiyo unaitwa omuko; ikiwa mingi, emiko. Waandishi wengi husema miko tu. Msomaji wa Mombasa au Unguja asidhani ni makatazo, wala vyombo vya kusongea ugali. Noti ni tano, kwa hiyo wimbo mmoja una miko mitano, na ukihamisha mara ya tano umerudi ulikoanzia.

Hapa ndipo Mengo inapoachana na Rubaga na Namirembe. Kwa mwanakwaya, kuhamisha kipande ni njia ya kumfanya msikilizaji akitambue: unakisikia na kusema, ndicho kile. Kwa mpigaji wa amadinda, kuhamisha ni njia ya kumfanya asikitambue. Mikono ya wapigaji wawili inafanya hesabu ile ile, ilhali masikio yanapokea kitu kipya. Na kwa kuwa mbao za Kiganda hupangwa kwa hatua zinazokaribia kulingana, ile kasoro ya mi na fa haipo. Oktava nzima ikipimwa kwa senti 1,200, na hatua ndogo ya piano ikiwa senti 100, basi hatua tano zinazolingana ni senti 240 kila moja. Vyombo halisi hupishana kidogo, fundi na fundi, ila nguo sasa inawakaa ndugu wote watano.

Nyimbo zenyewe ni ndefu kuliko mfano wa vipigo vinane. Mizunguko ya vipigo 24, 36 au 48 ni ya kawaida, na iko mirefu zaidi. Mwendo ni wa kasi kiasi kwamba sikio haliwezi kufuata noti moja moja, likaamua lenyewe kupanga. Noti nzito zilizo karibu karibu linaziunganisha kuwa tuni moja, nyembamba kuwa tuni nyingine. Matokeo yake ni kwamba msikilizaji anasikia tuni mbili au tatu ambazo hakuna mpigaji hata mmoja anayezipiga. Luganda ni lugha ambayo kupanda na kushuka kwa sauti hubeba maana, na mwenyeji wa lugha anaweza kusikia humo maneno.

Mtu aliyeliandika jambo hili kwa makini ni Gerhard Kubik, kijana kutoka Vienna aliyefika Kampala mwishoni mwa 1959 na kujifunza kwa Evaristo Muyinda. Muyinda, aliyezaliwa 1914, alikuwa mwanamuziki wa kasri na pia mpigaji na mwalimu katika Jumba la Makumbusho la Uganda, ambalo tangu 1954 liko Kitante. Kubik alijifunza kwa kukaa chini na kupiga. Aliposikiliza baadaye mkanda wa kile alichokuwa akipiga, alisikia tuni ambazo mikono yake haikuwa imezipiga. Alichapisha maelezo yake mwaka 1960 na 1962 katika jarida la African Music, na mambo hayo yalisafiri mbali. Mtunzi György Ligeti alikuwa miongoni mwa waliovutiwa nayo. Kabla ya Kubik, Mganda Joseph Kyagambiddwa alikuwa tayari amechapisha kitabu kizima juu ya muziki wa amadinda, African Music from the Source of the Nile, mwaka 1955. Ni haki jina lake litajwe mapema zaidi kuliko linavyotajwa kwa kawaida.

Yote haya yangebaki habari ya wapenzi wa nadharia kama si kilichotokea Lubiri.

Tarehe 24 Mei 1966 jeshi likiongozwa na Idi Amin, kwa amri ya Rais Milton Obote, liliishambulia kasri. Kabaka Mutesa II alitoroka, akafia London Novemba 1969. Katiba ya 1967 ilifuta falme zote. Wanamuziki wa kasri walitawanyika, vyombo vikaharibiwa au kupotea. Kilichoumia zaidi ni entenga, ngoma za Kabaka zilizopangiwa sauti. Seti yake ni ngoma 15: wapigaji wanne hupiga zile 12 zenye noti, kwa mtindo ule ule wa kuingiliana kama wa amadinda, na wawili hupiga tatu zilizobaki. Amadinda ingeweza kupigwa nje ya kasri. Entenga ilikuwa ya Kabaka peke yake. Kasri iliponyamaza, nayo ikanyamaza.

Wimbo wa mwimbaji mmoja unaweza kuokolewa na mtu mmoja mwenye kumbukumbu. Huu hauwezi kwa urahisi, na hesabu iliyotangulia inaeleza sababu. Akibaki omukoonezi peke yake, mkononi ana vipigo vya noti 1 na 2 tu. Noti 3, 4 na 5 zimekwenda na wenzake. Akibaki omunazi, ana nusu ya wimbo, na hakuna kanuni ya kuipata nusu ya pili kutokana na ya kwanza. Wakibaki omunazi na omwawuzi, wimbo mzima upo, kwa kuwa sehemu ya tatu inazaliwa na zile mbili. Na aliye na omuko mmoja kamili anaweza kujipatia minne iliyobaki kwa kuhesabu tu. Kwa hiyo hasara na uokoaji havigawanyiki sawa. Inategemea nani alikufa na nani aliishi.

Mtu atauliza: je, mikanda? Ipo, na ni hazina. Hugh Tracey alirekodi muziki wa kasri mwaka 1950 na 1952. Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho hadi 1957, alizunguka Uganda kati ya 1949 na 1954 akirekodi. Rekodi zake, zipatazo 1,500, zimehifadhiwa British Library, na nakala zimerudishwa Makerere, ambako kuna hifadhi ya muziki yenye jina lake iliyoanzishwa kwa juhudi za Profesa Sylvia Nannyonga-Tamusuza. Lakini mkanda unahifadhi kile sikio linachosikia, na tumeshaona kwamba sikio katika muziki huu husikia tuni zisizopigwa na mtu. Anayetaka kurudisha wimbo kutoka kwenye mkanda anapaswa kuzifumua tuni hizo, arudi kwenye noti moja moja, kisha aamue ipi ni ya nani. Ni kama kuonja pilau na kutakiwa useme kila kiungo kilitiwa na mkono wa nani. Anayejua kanuni ya okunaga na okwawula ana pa kuanzia. Asiyejua anabaki na utamu tu.

Ndiyo maana tarakimu za Muyinda na wanafunzi wake zina thamani isiyoonekana kwa macho. Muyinda alifundisha Waganda na wageni, mmoja mmoja, sehemu zote, siyo yake tu. Peter Cooke, Mwingereza aliyefundisha Kyambogo miaka ya 1960, alirekodi na kuandika pia. Muyinda alifariki 1993, mwaka ule ule ambao ufalme ulirejeshwa na Ronald Muwenda Mutebi II kutawazwa, tarehe 31 Julai. Kasri ilipata tena Kabaka wake, ila sherehe za ufalme hazikupata tena entenga iliyokamilika.

Hatua iliyoonekana zaidi ilikuja katika miaka ya 2010. James Isabirye wa Chuo Kikuu cha Kyambogo, kwa kushirikiana na mradi wa Singing Wells, aliwakusanya vijana wajifunze entenga kwa Musisi Mukalazi Livingstone, mzee aliyetambuliwa kuwa mpigaji wa mwisho aliyebaki wa kundi la zamani. Singing Wells, kwa taarifa ya wasomaji wa Nairobi, ni ushirikiano wa Ketebul Music ya Nairobi na Abubilla Music Foundation ya London; kwa maneno mengine, ngoma za Kabaka zilirudi kupigwa kwa msaada uliovuka Busia. Hakuna itifaki ya Jumuiya iliyosainiwa kwa ajili hiyo.

Isabirye alikuwa na uzoefu wa kazi kama hiyo mashariki zaidi, Busoga. Huko kuna bigwala, tarumbeta za vibuyu, ambazo mgawanyo wake ni mkali hata kuliko wa amadinda: kila tarumbeta inatoa noti moja tu, na tuni inazaliwa pale wapulizaji watano au zaidi wanapopokezana. UNESCO iliziingiza mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Kwa bigwala, mzee mmoja akifa, noti moja imekufa. Hapo hata kuhesabu hakusaidii, mpaka apatikane wa kuushika ule mlio.

Kuna pia waliochukua hesabu ya Mengo na kuipeleka kwingine. Justinian Tamusuza, mtunzi wa Kiganda aliyefundisha Makerere, aliandikia vinanda vinne vya nyuzi muziki wenye kuingiliana kwa namna hii, na kundi la Kronos Quartet la Marekani likaurekodi katika albamu ya Pieces of Africa ya mwaka 1992. Wapo wanaonung'unika kwamba fidla na chelo si mbao za lusambya. Ni kweli. Lakini kanuni haikuwahi kuwa mali ya mbao peke yake. Wapigaji wa ennanga, kinubi cha Kiganda chenye nyuzi nane, walikuwa wakiifanya kwa mikono miwili ya mtu mmoja, kulia na kushoto wakijibizana kama omunazi na omwawuzi.

Katika shule nyingi za ukanda huu somo la muziki, pale lilipo, bado huanza na mistari mitano ya noti na solfa. Hakuna ubaya katika solfa. Imejenga kwaya za Kampala, Moshi na Kisumu. Ila mwanafunzi wa Kampala anayefundishwa kwamba mfuatano wa tuni ni jambo la Bach na Handel amefichwa kitu kilichofanyika umbali wa kutupa jiwe kutoka darasani kwake, na kwa namna ambayo Bach asingeipata kwenye kinanda chake.

Anayetaka kujaribu hahitaji chombo cha kasri. Chupa tano za glasi zenye maji ya kina tofauti zinatosha, pamoja na vijiko na watu watatu wasiogombana. Chupa yenye maji mengi zaidi, ambayo ndiyo yenye sauti nzito, iwe namba 1, na yenye maji machache iwe 5. Mmoja apige 1 4 3 5 polepole, bila kusimama. Wa pili aingize 2 5 1 3 katikati. Kwa kawaida hapa ndipo kicheko kinapoanza, kwa kuwa kila mmoja anavutwa na mapigo ya mwenzake. Wa tatu asipige chupa: apige kofi kila anaposikia 1 au 2. Mkishazoea, wawili wa kwanza wapande chupa moja, wa tatu aendelee na 1 na 2 zake. Atapotea mara ya kwanza, na pengine mara ya pili.